Siku yangu moja Lamu: damu ya usiku na h-indeksi

Saa 12 asubuhi
Nishaswali, mahamri yako mezani na laptopu ishafunguliwa manake mtandao wa alfajiri ndio wenye nguvu. Fomu ya kupandishwa cheo inadaiwa kesho, na wanachotaka kwanza ni namba: una pepa (makala za utafiti) ngapi, umenukuliwa na wenzako mara ngapi, h-indeksi yako ngapi. Yangu ni 4. Yaani nina pepa nne ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara nne, basi. Hata moja ikinukuliwa mara mia tatu utabaki hapo hapo 4 mpaka uwe na pepa tano zenye tano tano. Hesabu hii aliitoa mwanafizikia Jorge Hirsch 2005 awapime wanafizikia wenzake, saa hizi inatupima hadi sisi watafiti wa matende, wa kutoboa watu vidole.

Saa 2
Ofisini. Google Scholar, ile ya kutafutia pepa na kuhesabu nani kanukuliwa, imenibandikia pepa za mtafiti wa saruji, si unajua Pwani hii majina yetu yanavyogongana. Nimezifuta ingawa zilikuwa zinanipandisha, roho iliuma kidogo wallahi. Ndio maana kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kukutofautisha na majina wenzako. Kama hujajisajili jisajili, ni bure.

Saa 4
Kisanduku cha "mchango wa utafiti wako" kimenikwamisha. Wanataka impakti fakta za majarida (wastani wa pepa za jarida kunukuliwa), na ile inapima jarida, haikupimi wewe, tangu 2012 lile Azimio la San Francisco la wanasayansi linapiga kelele watu waache kuitumia hivyo lakini fomu ni ile ile. Mie mchango naujua kwa njia nyingine. Majaribio ya matende yalifanywa Papua New Guinea, ikaonekana dawa tatu kwa mkupuo mmoja (ivamektini, DEC na albendazoli) zinasafisha vijidudu kwenye damu kuliko zile mbili za zamani, WHO ikapendekeza 2017, na 2018 Kenya ikaanza kuzigawa hapa Lamu na Jomvu kule Mombasa. Shangazi yangu alizimeza barazani kwake akilalamika kichwa kinamuuma. Sasa shangazi kumeza dawa unainukuu vipi?

Saa 8
Wali, samaki, mbio hadi jeti ya boti.

Saa 9
Boti ya kwenda kijiji cha Matondoni. Nahodha anatuharakisha, maji yanapwa na tukichelewa tutashuka kusukuma.

Saa 11
Tunatembea nyumba kwa nyumba na dada mmoja mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye ndiye anajua nani ana busha na anajificha, nani ukimwita mbele ya mkwewe hatoki. Bila yeye hakuna data, na kwenye pepa atakaa pale chini kwenye shukrani, na shukrani hazina h-indeksi. Kipimo chenyewe ni rahisi, damu maikrolita 75 kutoka kidoleni, unadondosha kwenye kijikaratasi cha kupimia, unangoja dakika 10 kamili, ukisoma kwa kuchelewa mstari unaweza kukudanganya. Katikati ya kungoja mzee mmoja kaniuliza, "Mjukuu wangu, damu ile ya kwanza mlokwenda nayo, majibu yako wapi?" Yako kwenye jarida mzee wangu, kwa Kiingereza, na bila pasiwedi ya chuo mimi mwenyewe niliyeandika nalipishwa kuisoma. Sikumwambia hivyo, nilimpa majibu pale pale kwa mdomo, akasema anataka karatasi.

Saa 4 usiku
Waliotoka na mstari wa matende kwenye kijikaratasi tunawarudia sasa, manake vijidudu vya matende vya huku hujitokeza kwenye damu usiku, saa nne mpaka saa nane hivi, mchana ukitafuta kwenye slaidi, kile kioo cha hadubini, waweza usione kitu. Watoto wamelala, mama mmoja anatununia kwa haki kabisa. Slaidi, penseli, jina la siri, nyumba inayofuata.

Saa 7 usiku
Meseji ya profesa: kwenye pepa mpya niongeze pepa zake mbili kwenye marejeo. Moja inahusika kweli, ya pili hata kwa mbali haihusiki, nitaweka ile moja. Na hiyo marejeo ingoje, kesho nikishatuma fomu naandika kwanza ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kupeleka zahanati, mzee kasema nimletee na yeye nakala ausome msikitini Ijumaa baada ya swala.