Nilivyomaliza raundi tatu na bondia wa uzito wa bantam

Vijiwe vingi vya Dar vina ubishi huu: kuli wa sokoni na bondia wa ngumi za kulipwa, nani ana nguvu? Mimi ni kuli. Napakua mahindi Tandale, magunia ya kilo 100, na ikija lumbesa ndiyo usiseme. Nilipohamia Manzese, nyumba chache kutoka jimu moja ya ngumi, nikaamua ubishi huo niumalize kwa mwili wangu badala ya mdomo.

Kwenye kunyanyua hakuna mjadala. Bondia niliyetaka kusimama naye anapigana uzito wa bantam, maana yake siku ya kupima uzito hatakiwi kuzidi kilo 53.5. Siku za kawaida anacheza kwenye 57. Mimi nina 82. Vyuma ninavyovinyanyua huku napiga stori, yeye alivijaribu mara moja, akavirudisha chini akicheka. Ila kwenye pushapu na kujivuta kwenye bomba aliniacha mbali, maana pale kila mtu anabeba mwili wake mwenyewe.

Kocha aliniruhusu kupanda ulingoni kwa sharti moja: yule dogo apige mwilini tu, mimi nipige popote. Dakika ya kwanza nilirusha makonde kama nadai deni. Ya pili mikono ikaanza kushuka. Glovu za mazoezi zina aunsi 16, karibu nusu kilo kila moja. Kwa mtu wa magunia huo si mzigo, lakini jaribu kuzishikilia usawa wa mashavu huku mtu anakutafuta. Hapo ndipo alipoingiza mkono wa kushoto chini ya mbavu zangu za kulia, kwenye ini. Konde lenyewe halikuuma papo hapo. Nikapata hata muda wa kufikiri, mbona kawaida? Halafu pumzi ikakwama, miguu ikakataa, nikajikuta nimepiga goti bila kuamua. Kichwa kilikuwa kizima kabisa, nasikia kila kitu, ila mwili haunisikii.

"Mwanangu, wewe unapiga kwa bega," kocha aliniambia baada ya kunimwagia maji. "Mwenzako anapiga kwa kisigino."

Hili nililifuatilia, maana lilinisumbua. Watafiti wa Kisovieti waliwahi kuwapima mabondia miaka ya 1980. Kwa wale wa daraja la juu miguu ilichangia takriban asilimia 38 ya konde; kwa wale wa chini, kama 16 au 17 tu. Kipimo kingine cha Uingereza, kilichotoka mwaka 2000, kilionyesha mkono mzito wa bondia bingwa ukifika wastani wa nyutoni (kipimo cha nguvu ya msukumo) 4,800, na wa bondia anayeanza 2,381. Yaani mara mbili, na huyo anayeanza naye ni mtu wa mazoezi, si mpita njia. Frank Bruno, bondia Mwingereza wa uzito wa juu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi, mwaka 1995, alipimwa miaka kumi kabla ya hapo: konde lake lilifika nyutoni 4,096, kama kubandikwa uzito wa kilo 400 na ushee, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Bruno alikuwa na mwili wa kilo mia hivi. Hakuna binadamu anayesukuma kilo 400 kwa mkono mmoja. Nguvu ile inatokana na mwendo wa mwili mzima unaofika kwa pamoja.

Kwa hiyo nikaanza upya, na kazi yangu sikuiacha, maana ndiyo ugali wenyewe. Kilichonitesa kuliko vyote ni kulegea. Kuli anakaza kila kitu: shingo, mgongo, meno. Ukilegea gunia linakuvunja. Bondia ni kinyume chake, analegea mpaka konde linapogusa, ndipo anakaza, kisha analegea tena. Mtu anayekaza muda wote anajichosha mwenyewe, na mkono unakuwa mzito kabla haujatoka. Kocha alinisimamisha mbele ya begi akanikataza kupiga kwa nguvu. Nizungushe kisigino cha nyuma, kiuno kifuate, mkono uje mwisho, na kila konde nitoe pumzi puani. Ilichosha kichwa kuliko mwili. Kamba niliruka mpaka ndala zikakatika, nikanunua raba. Alfajiri nilikimbia Barabara ya Morogoro hadi Ubungo na kurudi, na jioni nikalala chali nidondoshewe mpira mzito tumboni ili nijifunze kubana pale tu unapotua.

Siku ya kurudi ulingoni nilikuwa na mpango. Sikumfukuza. Nilitanguliza mkono wa kushoto, kwa sababu ni mrefu kuliko wake, na kila alipoingia ndani nilimkumbatia na kumwegemezea kilo zangu zote 82 mabegani. Hapo ndipo ukuli wangu ulipolipa: kwenye kumbatio alihema, na nilimsikia. Raundi ya kwanza ikaisha nikiwa na pumzi. Ya pili alinipiga mbavu zile zile, lakini kiwiko kilikuwa kimeshashuka kupokea. Ya tatu sikurusha konde hata moja la maana. Nilizunguka, nikakumbatia, nikasukumwa, nikakumbatia tena mpaka kengele.

Wakati tunafungua bandeji nilimuuliza dogo alikuwa anapiga kiasi gani.

"Kaka, nilikuwa najipasha tu. Nina pambano mwezi ujao, kocha kanikataza kuumiza mikono."

Na kweli mikono ndiyo wanayoilinda kuliko chochote. Mifupa ya vidole haikuumbwa kubeba nguvu ya miguu. Tangu hapo kocha huniita anapotaka mabondia wake wadogo wajifunze kujinasua wakikumbatiwa na mtu mzito. Kila raundi moja analipa soda.