Biti inaisha makali haraka? Cheki spidi kwanza

Malalamiko ya watu wa CNC (mashine za kukata mbao zinazoongozwa na kompyuta) ni yaleyale, biti mpya kabisa lakini muda mfupi tu inaunguza mbao, halafu lawama zote zinaenda kwa aliyeuza biti. Biti feki zipo, sikatai, ila mara nyingi tatizo ni woga: mtu anaitembeza mashine polepole akidhani anaitunza biti kumbe ndo anaimaliza.

Piga hesabu. Biti ya meno 2, mizunguko 18,000 kwa dakika, mashine inatembea milimita 900 kwa dakika. Gawa 900 kwa 36,000 (meno 2 mara 18,000), kila jino linapata milimita 0.025. Hapo jino halikati, linasugua tu, na msuguano ni joto. Jino likichukua kipande cha maana kile kipande kinaondoka na joto lake, ila likisugua joto linabaki kwenye biti, na kama ni ya HSS (chuma kigumu cha kutengenezea biti) chuma kinalainika na makali ndo basi tena. Pandisha mwendo hadi 3,600 unapata milimita 0.1, kwa biti ya milimita 6 hapo ni pazuri pa kuanzia. Mashine yako nyepesi inatetemeka? Punguza mizunguko au weka biti ya jino 1.

Kipimo changu ni kushika kinachotoka (mashine ikiwa imezimwa jamani). Kwenye mbao halisi nataka vipande, nikikuta unga mtupu najua inasugua. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa na gundi) usiipime hivyo, yenyewe inatoa vumbi hata ukikata vizuri.

Na hiyo MDF, pamoja na plaiwudi, inakula makali kwa sababu ya gundi iliyokauka ndani, na mtiki nao una silika, yaani ni kama mchanga umo ndani ya mbao. Kwa hizo HSS sahau, tumia biti ya kabaidi, ni ngumu zaidi ya HSS. Ila kabaidi haipendi kutikiswa, koleti (kile kinachoshika biti) ikiwa na vumbi au imechakaa biti inazunguka upande, jino moja linabeba kazi yote na makali yanamegeka.

Vumbi linyonywe pia, ukiliacha kwenye mfereji biti inakata takataka ileile mara mbili mbili.

Halafu kabla hujaitupa, iangalie vizuri. Utomvu ukigandia kwenye meno biti inaunguza kama butu wakati makali bado yapo, safisha kwanza ndo uamue.