Shingo la mdogo wangu

Leo nimemsindikiza mdogo wangu kliniki kupimwa uzito na sukari, nikakumbuka usiku ule.

Alikuwa na siku mbili tu kwenye haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti alizokuwa akizisikia peke yake. Zile sauti zimepungua, tunashukuru Mungu. Mara saa tatu usiku shingo likapinda kuelekea bega la kushoto, macho yakageukia juu, udenda unamtoka. Shangazi akasema jini limekasirika, tupeni hizo dawa! Ubani ukawashwa. Mimi nikaita bajaji.

Nesi wa zamu alimtazama mara moja, akauliza: "Anatumia dawa gani?" Akachomwa sindano, na nusu saa haijaisha, shingo limenyooka, anaomba chai.

Tukaelezwa kwamba dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Ndivyo zinavyotuliza sauti. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli, basi misuli inakaza, hasa kwa vijana wa kiume, siku za mwanzo. Dozi ikapunguzwa, tukapewa na benzheksoli, dawa ya kuzuia misuli isikaze hivyo. Kilichoniuma ni kwamba aliyetuandikia dawa hakututahadharisha hata kwa neno moja. Nusura tuzitupe kweli.

Baadaye akahamishiwa olanzapini, dawa nyingine ya kutuliza sauti. Shingo salama, ila njaa! Ugali sahani mbili na bado anachungulia sufuria. Ndiyo maana ya vipimo vya leo.

Mizani imesoma 84. Amenigeukia, shingo nyoofu kabisa: "Dada, hii mizani yao mbovu."