Alama ya kuuliza iliyopotea njiani

Barua ilinikuta ofisini Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, saa nane mchana, malori yamepanga foleni na madereva wamenijaa mlangoni. Nilisoma mstari mmoja nikaketi. Madai yangu ya bima ya afya yamekataliwa kwa sababu nilificha ugonjwa wa presha niliokuwa nao tangu 2021. Shilingi 1,860,000 za hospitali kule Mbale, ambazo mume wangu alikwisha kuzikopa sacco ili niruhusiwe kurudi nyumbani, zikabaki shingoni mwetu. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno, nilificha.

Kwa miaka 11 kazi yangu ni kukagua hati za mizigo. Najua tarakimu moja ikikosewa, lori linalala mpakani. Fomu ya bima niliijaza kwa uangalifu uleule, Januari 2023, mwajiri alipotukatia kadi. Walipouliza kuhusu presha niliandika hapana, na kweli ilikuwa hapana.

Jioni ile nilitoa madaftari yangu yote sandukuni. Aliyeugua Uganda anayajua: daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, unalinunua dukani kabla hujamwona musawo, yaani daktari. La 2021 lina doa la chai kwenye jalada. Mwezi wa Mei nilikuwa na malaria, mwili unachemka, wakanipima presha wakapata 148/92. Daktari akaandika kwa wino wa bluu "?HTN", na chini yake kwamba nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi. 122/78. Akaandika hakuna tatizo, hakuna dawa. Ukurasa uleule!

HTN ni ufupisho wao wa presha ya juu. Ile alama ya kuuliza mbele yake maana yake daktari anashuku tu, bado hajathibitisha. Kipimo kimoja cha mtu mwenye homa hakitoshi kumwita mgonjwa wa presha. Anapimwa tena siku nyingine, na daktari yule alifanya hivyo hasa.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi kliniki. Binti wa kumbukumbu akanigeuzia kompyuta: "Mama, huku imeandikwa hivi." HTN, 2021. Alama haipo, na ile mara ya pili niliyorudi haikuingizwa kabisa. Nikaomba nakala ya karatasi waliyoipelekea kampuni ya bima. Akasita, akamwita mkubwa wake. Nikawaeleza taratibu kwamba sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inanipa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yangu na kudai kosa lirekebishwe. Nikapewa.

Sisemi kwamba kliniki ilitoa siri yangu kwa wizi. Kwenye fomu ya madai, kwa herufi ndogo, nilitia sahihi kwamba daktari yeyote aliyenitibu anaweza kutoa habari zangu. Ruhusa niliitoa mwenyewe. Ila niliruhusu habari zangu, si nusu yake.

Barua yangu kwa kampuni ya bima ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliweka tarehe na vipimo kwa mpangilio, nikaambatanisha nakala ya daftari, karatasi ya kliniki, na maelezo ya daktari wa Mbale kwamba presha ya 190/120 aliyonikuta nayo Machi 2024 ndiyo ya kwanza kutibiwa. Nikawaomba wanionyeshe dawa hata moja ya presha niliyowahi kuandikiwa kabla ya kujaza ile fomu. Nakala nikaipeleka Kampala, kwenye ofisi ya malalamiko ya mamlaka inayosimamia bima, IRA, ambayo haimtozi mlalamikaji hata shilingi.

Wiki ya sita kampuni ikalipa. Deni la sacco tukalimaliza, ingawa riba ilikuwa imetutafuna. Kliniki nayo imerekebisha. Nilisimama pale hadi nikaona alama ya kuuliza na ile 122/78 kwenye kioo cha kompyuta.

Barua ya malipo ina mistari miwili, na hakuna mahali wanaposema kwamba sikuficha. Lile neno bado liko kwenye faili langu, na mwajiri akibadilisha kampuni ya bima sijui ni nani atakayelisoma. Nataka walifute kwa maandishi. Ijumaa nimewatumia barua ya pili, na nakala ya ukurasa ule imo tena ndani.