Jina limekwanguka, sasa nani kaitengeneza?

Mke wangu alipoikuta mashine yangu ya zamani ya kamari juu ya meza ya jikoni aliuliza kitu kimoja tu: "Hilo dubwi umelitoa wapi?"

Hakukosea sana. Anayeyajua madubwi, zile mashine za kamari za mitaani kwetu Dar, hii ni kama babu yao: kasha dogo la chuma la kukaa kaunta, vigurudumu vitatu vyenye picha, mkono wa kuvuta, na tundu linalomeza senti moja ya Kimarekani. Miaka ya 1930 zilijaa kwenye maduka ya sigara na baa, na nyingi zilitengenezwa hapa hapa Chicago ninapoishi.

Aliyeniuzia aliapa kwamba ni ya kampuni ya Mills. Kila muuzaji anasema Mills, maana Mills Novelty ndiyo iliyokuwa na jina kubwa. Mimi ni fundi saa. Ukinitajia jina kabla sijafungua kifuniko, bei inaanza kushuka kichwani mwangu.

Bati la mbele, ambalo lingenipa jina, si la asili. Mtu kalikata kwa mkasi, kingo zinakwaruza vidole. Ubavuni kuna kibandiko cha kampuni ya mji mwingine. Hivyo vibandiko vimepoteza wengi: mara nyingi ni vya msambazaji, au vya yule aliyekuwa akizungusha mashine madukani na kugawana mapato na wenye maduka. Nikaachana na nje.

Ndani, nilipokwisha sugua grisi iliyoganda kwa mswaki na mafuta ya taa, ikajitokeza namba ya hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi: tarakimu saba, ya kwanza 2. Hataza ya Marekani namba 2,000,000 ilitolewa 1935, kwa hiyo mashine si ya kabla ya hapo. Umri nimeukaribia, baba bado simjui.

Nikakesha siku tatu na matoleo ya zamani ya gazeti la Billboard. Leo watu wanalijua kwa muziki, lakini enzi zile lilijaa matangazo ya mashine hizi. Nikawa nalinganisha mabega ya kasha, mahali mkono unapotokea, na kile kidirisha kinachobakiza sarafu ya mwisho ionekane, ili mwenye duka ajue umetumbukiza senti au kipande cha bati. Mills ikatoka. Kampuni ya Groetchen nayo, ambayo niliipa nafasi kubwa, ikatoka. Iliyolingana ni kampuni ya Daval, ya Chicago pia.

Kumbe kazi haijaisha. Daval waliuza kasha lile lile kwa majina mawili: American Eagle yenye picha za matunda, na Marvel yenye picha za sigara. Yangu ina matunda. Nikaandika American Eagle kwenye daftari, nikapika chai.

Chai iko mkononi, nikaona zile cheri zinang'aa mno kwa karatasi ya miaka zaidi ya themanini. Karatasi mpya za vigurudumu zinauzwa, yeyote anabandika. Nikapitisha wembe kwenye maungio, polepole, kama ninavyofungua uso wa saa. Chini ya limau kulikuwa na karatasi nyingine, ya kahawia, na juu yake miguu miwili ya ngamia. Sigara za Camel! Zikijipanga pakiti za aina moja, mwenye duka alikulipa kwa sigara.

Nikafuta, nikaandika Marvel. Sasa natafuta bati la mbele la asili, na mke wangu anaitafuta meza yake.