Dawa ya viluwiluwi kwenye majaruba ya Moshi: kemikali au bakteria?

Kila msimu wa mpunga unapofunguliwa huku chini ya Moshi, kuanzia Mabogini hadi Chekereni, swali la dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu hurudi, na mara nyingi watu hulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Bei naiona kuwa kipimo dhaifu, kwa sababu dawa hizi haziui kwa njia moja wala hazidumu majini kwa muda sawa.

Kemikali inayojulikana sana kwa kazi hii ni temefosi, ya jamii ya viuatilifu iitwayo oganofosfati. Huvuruga mfumo wa fahamu wa kiluwiluwi, na si lazima imezwe, kwani hupenya hata kupitia ngozi. Shirika la Afya Duniani limeiruhusu hata katika maji ya kunywa, mradi isizidi miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo wanaoitaja kama sumu ya kuangamiza vijiji wanaionea. Shaka yangu ni nyingine. Wakulima wamepuliza oganofosfati kwenye mazao kwa miaka mingi, na maji hutiririka kutoka jaruba hadi jaruba. Mbu anayekulia humo hukutana na jamii ileile ya sumu tangu utotoni, na usugu hujengeka hivyo. Isitoshe, temefosi haichagui sana: wachanga wa kereng'ende, ambao hula viluwiluwi bila kudai malipo, nao huweza kudhurika.

Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev nchini Israeli. Hutengeneza fuwele za protini ambazo, zikishamezwa, huyeyuka ndani ya utumbo wa kiluwiluwi wenye hali ya alikali na kutoboa kuta zake, kikafa kwa kawaida ndani ya siku moja. Samaki na binadamu hawadhuriki, na kwa kuwa sumu zake ni kadhaa zinazosaidiana, mbu hupata shida kuzizoea. Hapa nchini dawa za bakteria hutengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015.

Udhaifu wake ni huo huo wa kungoja kuliwa. Ukichota maji ya jaruba kwa upawa mweupe na kutulia kidogo, utaona viluwiluwi vya anofelesi, mbu wa malaria, vimelala sambamba na uso wa maji, vikila vinavyoelea, ilhali vya kuleksi, jamii nyingine ya mbu, vimening'inia kichwa chini. Dawa ikizama kwenye tope, anofelesi haipati. Pupa nao, wale waliojikunja kama alama ya mkato, hawali kabisa, hivyo watageuka mbu hata ukiwamwagia ndoo nzima. Ndiyo maana Bti ya kawaida hurudiwa takribani kila wiki, na gharama kubwa huwa ya vibarua.

Kwa mitaro na madimbwi machache yanayofahamika, mimi ningechagua bakteria bila kusita; penye maji machafu ya vyoo na makaro, bakteria mwingine, Lysinibacillus sphaericus, hudumu zaidi kuliko Bti. Kwenye majaruba yenyewe, yaliyotapakaa kiasi hiki, ningeanza na kukausha maji kwa zamu ili viluwiluwi vife juu ya tope, jambo linalohitaji wakulima wa mfereji mmoja wakubaliane ratiba kabla ya kupandikiza.