Maji ya bombani, maji ya Igombe

Hapa Tabora ukionekana unatembea kwa miguu huna mzigo, huna jembe, huna hata mfuko wa sokoni, watu wanakuonea huruma. Jumapili hii, nilipoiacha barabara na kushika kijia cha kuelekea mto Igombe, kijana wa bodaboda alisimama kando yangu akauliza kama nauli imenipungukia. Nikamwambia natembea tu. "Unatembea kwenda wapi?" Natembea. Akacheka mpaka akazima pikipiki. Akaniambia nikichoka nimpigie, akaondoka, na wote wawili hatukukumbuka kwamba hana namba yangu wala mimi sina yake.

Nilimcheka na mimi, lakini mbele ya safari nikawa nafikiria jinsi mambo yalivyogeuka. Huu ni mji uliotajirika kwa miguu ya watu. Kabla ya Wajerumani kuleta reli, misafara mingi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na waliokuwa wanabeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Upagazi ilikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Kisha treni ikafika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kutembea kukashuka cheo mpaka hapa tulipo: ukitembea, basi umefilisika.

Kijia chenyewe hakina kibao wala alama. Ukitaka kuingia kwenye msitu wa hifadhi ni lazima uwe na ruhusa ya watu wa misitu, na hata ukiwa nje ya mipaka yake ni adabu kupita kwanza ofisi ya kijiji ukajieleza, maana mtu asiyejulikana porini siku hizi hudhaniwa mwizi wa mbao au wa mizinga. Nikishaaga, huwa nafuata njia ninazozikuta. Kwa macho yangu ziko za namna tatu. Njia ya ng'ombe ni pana, ina vumbi hadi kwenye vifundo vya miguu, na mwisho wake ni maji, haina pengine pa kwenda. Njia ya mkaa imenyooka, ina mchirizi mmoja wa tairi la baiskeli katikati, na ukiichunguza utaona inavyokwepa sehemu zenye watu wa kuuliza maswali. Njia ya nyuki ndiyo ngumu. Inaanza vizuri, inapinda kwenye mti, inapinda tena kwenye mti mwingine, halafu inakufa, kwa sababu mwenyewe hakuwa na haja ya kwenda mbele ya mzinga wake wa mwisho. Mimi naipenda hiyo ya tatu kuliko zote.

Oktoba ndio mwezi wa kuja. Wageni hudhani msitu unapendeza mvua zikinyesha, na wanaposikia kwamba Tabora haijaona tone tangu mwezi wa tano wanakata tamaa. Wanakosa. Miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza huanza kuchipua, na machipukizi yake si ya kijani. Yanatoka mekundu, mengine ya rangi ya zambarau, mengine kama shaba iliyosuguliwa, yanabadilika siku hadi siku mpaka yanakuwa kijani wakati mawingu ndiyo yanaanza kujikusanya. Ardhi chini yake ni majivu matupu ya moto wa Agosti, udongo umekauka kama tofali, na juu mti unachanua kwa maji uliyojiwekea kwenye shina na yale ambayo mizizi yake imeyafuata chini kabisa. Nilisimama chini ya mtundu mmoja, mmoja wa miti hiyo ya miombo, jua la asubuhi linapita katikati ya majani hayo, nikaona mikono yangu mwenyewe imekuwa myekundu.

Kwenye mninga palikuwa na jeraha la panga, si la zamani. Utomvu wa mninga ni mwekundu, na ulikuwa umeteremka kwenye gome ukaganda. Sijui nani aliupiga na kwa nini. Kuna wanaouchukua kwa dawa, na kuna wanaoupima tu kuona kama mti umefikia kupasuliwa mbao. Vitanda vya mninga vinavyopangwa kando ya barabara vilianza hivihivi.

Huko ndani nilimkuta mzee mmoja mfugaji nyuki amekaa kwenye gogo, baiskeli yake imeegemea mti. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Nilipomwambia sijapotea, yeye hakucheka. Alisema basi kaa upumzike, jua bado dogo.

Mizinga yake ilikuwa ya magogo, lakini juu ya mti wa pili palining'inia mzinga wa gome, nikamuuliza. Akanipeleka chini yake. Mzinga wa namna hiyo hutengenezwa kwa kuvua gome la mti mzima mzima, kama soksi, halafu ufa wake unashonwa kwa vijiti vilivyochongwa ncha, vijiti vifupi vilivyopangwa kwa karibu sana, na ncha mbili zinafungwa kwa vifuniko vya nyasi zilizosukwa duara. Kwenye kifuniko kimoja palikuwa na tundu dogo jeusi lililolainishwa na nta, na nyuki walikuwa wanatua, wanageuka, wanaingia kama wanaopiga hodi vibaya. Kazi ya mikono safi kabisa. "Si wangu," alisema mzee kabla sijausifu, akanionyesha kwa kidevu mti uliotoa gome lile. Ulikuwa bado umesimama, mweupe kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, umekufa. Mzinga mmoja mti mmoja, na mzinga wenyewe haudumu miaka mingi. Yeye anachonga magogo ya miti iliyoanguka, na kijana wake aliyesoma Chuo cha Nyuki hapa mjini anamshawishi ahamie kwenye masanduku ya mbao. Mzee anasema masanduku ni mazuri, ila yanaibiwa kwa urahisi. Mzinga wa gogo ukiuiba utaubebea wapi?

Kutoka hapo tulikwenda pamoja hadi mtoni, yeye akikokota baiskeli. Nasema mtoni kwa mazoea. Mwezi huu Igombe katika sehemu hiyo ni mbuga ya udongo mweusi uliopasuka, nyufa zinameza kiganja, na mstari wa miti iliyo kijani zaidi kuliko wenzake ndio unaokuambia kwamba mto umepita hapa na utapita tena. Palikuwa na kidimbwi kimoja kimebaki, kijani, kimezungukwa na kwato. Kando yake watu wamechimba shimo, na maji yanachuruzika ndani polepole. Msichana alikuwa anayachota kwa bakuli, anayamimina kwenye ndoo ya njano, anasubiri shimo lijae tena, anachota.

Nikatoa chupa yangu ninywe, na hapo ndipo wazo la siku hii liliponijia, la maji yale mawili.

Ndani ya chupa yangu kulikuwa na maji ya bomba kutoka nyumbani. Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulikunywa maji ya bwawa la Igombe, yaani ya mto huuhuu. Sasa mradi wa Ziwa Victoria umefika, kupitia Nzega, na maji tunayofungulia jikoni yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, na yanasukumwa kwa pampu mpaka huku, kwa sababu Tabora iko juu kuliko ziwa lenyewe. Yasingechotwa, yangetoka Jinja yakashuka na mto Naili hadi Misri. Lakini mvua ikinyesha juu ya paa langu na kutiririka hadi Igombe, haiendi huko kabisa. Igombe unaelekea magharibi, unaingia katika mabwawa ya Malagarasi. Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma. Ziwa linatokea upande wa Kongo kwa mto Lukuga. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba ndio mto Kongo, na mto Kongo unakwenda Bahari ya Atlantiki. Sisi tunaokaa karibu zaidi na Bahari ya Hindi, kwa treni ni zaidi ya kilomita 800 tu hadi Dar es Salaam, mvua yetu inapewa bahari iliyo ng'ambo ya bara zima. Bila shaka sehemu kubwa haifiki. Jua linaila humo njiani, hasa kwenye yale mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo kubwa la ardhi oevu ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa ardhi oevu.

Nikamfikiria Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, pale Kwihara, nje kidogo ya mji. Alifika hapo na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Miezi yote hiyo kichwani alikuwa na jambo moja, chanzo cha mto Naili, na alikuwa ameshaamini kwamba Lualaba ndio Naili. Alikuwa ameketi kwenye nchi ambayo maji yake yanakwenda kwenye Lualaba hiyohiyo, na Lualaba haikuwa Naili. Hakuishi kulijua hilo. Alifariki mwaka uliofuata, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu wakapita nao hapahapa kuelekea Bagamoyo. Mwaka 1877 ndipo Stanley, baada ya kuifuata Lualaba, alipotokea Atlantiki. Leo Naili yenyewe imekuja Tabora kwa bomba. Angekaa tu angesubiri.

Nilimweleza mzee habari za Kongo na Atlantiki, nikidhani namletea jipya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba maji haya yanafika Ujiji hilo analijua tangu utoto, kwa sababu babu yake aliyekuwa mpagazi alikuwa akisema ukipotea njia ya Ujiji ufuate mto usiogope, ila pale Malagarasi ujiandae na kitu cha kumpa mwenye mtumbwi. Hayo ya mbele ya Ujiji alisema ni ya wasomi.

Tuliporudi alinipitisha mahali pengine, akanionyesha miembe mikubwa katikati ya miombo, hakuna nyumba, hakuna hata kiwanja. Mwembe haujioteshi hapo. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa upande huu na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na msitu ukarudi ukachukua mashamba. Kwa hiyo pori tunaloliita la asili huku kwetu, sehemu nyingine ni mtaa wa babu za watu. Mbung'o wanaoeneza malale bado wapo, na nitasema kwa atakayekuja: usivae bluu wala nyeusi. Hizo ndizo rangi wanazozipenda, mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wananipa sababu ya kuvaa kaki.

Nilimuuliza kama amewahi kufika Ugalla. Amewahi, zamani, wakati ilikuwa pori la akiba na warina asali waliruhusiwa kuingia kiangazi. Tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa huwezi kutundika mzinga wala kutega samaki. Mimi naona ni vizuri viboko na mamba wawe na mabwawa yao yanapokauka, maana kiangazi wanabanana vibaya sana. Yeye anaona njia za baba yake zimefungwa. Hatukubishana. Jambo tuliloafikiana ni mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku: kila msimu Urambo, Kaliua na Sikonge miti inakwenda motoni ili jani likauke, na hakuna hifadhi ya taifa itakayowahi kuukimbilia kila msitu mdogo wa kijiji. Alilisema hilo kwa hasira kuliko nilivyotarajia. Kumbe naye alilima tumbaku zamani.

Mvua zikianza Novemba kijia cha mtoni kitakuwa chini ya maji, itabidi kuzunguka kwa juu, kwenye mchanga, ambako uyoga huota chini ya miti ileile ya mitundu na miyombo, kwa kuwa unaishi kwa kushirikiana na mizizi yake. Mzee amesema nirudi wakati huo atanionyesha unaoliwa na usioliwa, kwa sharti nisichume chochote kabla hajaona. Nije na gambuti, akasema, na nije na karanga zilizokwisha kutwangwa, kwa sababu mke wake hatamtwangia karanga mtu anayetembea tu.